Nimpakate mapajani? Watoto wadogo wawili, safari ya Idi na bustani kubwa ya michezo

"Daktari, sisi tunakaa Arua. Nina watoto wawili wa kiume, mkubwa ana miaka 3 na miezi 8, mdogo miaka 2 na miezi 2. Baba yao amepata likizo ya Idi na anataka tuwapeleke Kampala kwenye bustani kubwa ya michezo, yenye mabembea ya umeme, mitelezo na bwawa, halafu kesho yake Entebbe kuona wanyama. Mpango wake ni tupande basi la usiku, tufike alfajiri, tuoge kwa kaka yake Kajjansi, tuende moja kwa moja. Idi iliyopita tuliwapeleka mahali padogo hapa mjini. Mdogo aliona mtu aliyevaa vazi la dubu akalia mpaka akatapika. Mkubwa, wakati wa kuondoka, alijitupa chini, watu wote wakanikodolea macho. Usiku ule mdogo akapata homa, mama mkwe akasema ni jicho. Wifi yangu anasema tunachoma pesa bure, watoto wa umri huu hawakumbuki kitu. Ni kweli? Na mashine hizo ni salama nikimpakata mdogo mapajani? Naweza kuwapa Piriton kidogo walale kwenye basi?"

Dada yangu, maswali yako ni mengi lakini nadhani yana mzizi mmoja. Unaogopa mtatumia akiba ya miezi kununua siku ya vilio, halafu lawama zikuangukie wewe. Jibu langu fupi ni kwamba nendeni. Ila mpango wa mume wako tuupindue, na kuna jambo moja kwenye swali lako, lile la kumpakata mapajani, ambalo nitalikalia muda mrefu kwa sababu wazazi wengi wanalielewa kinyume.

Nianze na Piriton, maana basi linaondoka kabla ya mengine yote. Usiwape. Ile ni dawa ya mzio, na usingizi ni athari yake ya pembeni tu. Kwa mtoto mdogo athari hiyo haitabiriki: mmoja analala, mwingine anachachamaa, anarukaruka kitini usiku kucha na moyo ukimwenda mbio. Dozi ya kijiko cha kukisia huzidi kwa urahisi, na ikizidi sana inaweza kuleta degedege. Hata yule atakayelala, analala usingizi mzito kuliko kawaida, shingo imekunjika kwenye kiti cha basi, na mtoto aliyeleweshwa dawa hajigeuzi upesi pumzi yake inapobanwa. Nimeona akina mama wengi wazuri wakifanya hivyo kwa nia njema. Nia njema haibadilishi dawa.

Sasa basi lenyewe. Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Mtoto wa miaka 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Mkubwa wako anahitaji 10 hadi 13. Usiku wa basi, na taa za vituoni, na wauza nyama choma wanaogonga dirisha pale Karuma, labda watapata nusu. Mtashuka Arua Park, kituo cha mabasi pale Kampala, alfajiri mkiwa na watoto ambao tayari wana deni la usingizi, kisha mnawapeleka kwenye muziki wa spika, jua na foleni. Yale uliyoyaona Idi iliyopita yatarudi, tena makubwa zaidi.

Sababu iko kichwani mwao. Kujizuia, kungoja zamu, kukubali kwamba jambo tamu limekwisha, ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, na sehemu hiyo huchukua zaidi ya miaka 20 kukomaa. Kwa mtoto wa miaka 3 imeanza kazi juzi tu. Njaa na uchovu ndivyo vinavyoizima kwanza. Kwa hiyo mkubwa alipojitupa chini hakuwa amedekezwa, na wala hakuwa anakupima. Alikuwa amefika mwisho wa uwezo wake, na wewe ukamwambia "twende" katika dakika hiyohiyo. Wale waliokukodolea macho, nusu yao wamesahau watoto wao walivyokuwa, na nusu walikuwa wanashukuru kwamba safari hii si wao.

Ningefanya hivi. Pandeni basi la mchana. Siku ya kwanza Kampala iwe ya bure kabisa, wacheze uani na binamu zao. Kajjansi iko njiani kuelekea Entebbe, hivyo Entebbe ndiyo iwe ya kwanza, asubuhi mapema, na bustani ya mashine ifuate siku ya kazi watu wakisharudi ofisini. Kama likizo haitoshi siku zote hizo na lazima mfute kimoja, futeni mashine, bakini na wanyama. Najua mume wako hatafurahi. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Siku ya Idi yenyewe, pamoja na ile inayofuata, kaeni mbali na sehemu hizo. Si kwa ajili ya foleni tu. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2023, kwenye kituo kimoja cha biashara kando ya barabara hiyohiyo ya Entebbe, watu wasiopungua 9 walikufa katika mkanyagano wakitoka kutazama fataki, na wengi wao walikuwa vijana na watoto. Katika msongamano kifua hubanwa mpaka pumzi ikose nafasi, na mtoto ambaye kichwa chake kiko usawa wa viuno vya watu wazima hana hata hewa ya kuvuta. Mkijikuta mahali ambapo bega linagusa bega na huchagui tena unakokwenda, mbebe mtoto kifuani juu, nendeni pembeni, na msisubiri onyesho liishe.

Haya, mapajani.

Kila baada ya sikukuu, katika kliniki ninayofanyia kazi, huletwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili ambaye "amekataa tu kukanyaga." Hakuanguka. Hakugongwa. Nauliza: mlikwenda kuteleza? Ndiyo. Aliteleza peke yake? Hapana, nilimpakata mimi mwenyewe, asiumie. Na hapo ndipo alipoumia. Mtoto wa miaka 2 ana kilo kama 12. Akiteleza peke yake kwenye mtelezo mfupi na soli ya kiatu chake ikanasa ukutani, anasimama, anageuka, labda analia kidogo. Akiwa mapajani mwa mama mwenye kilo 65, soli inanasa vilevile lakini mwili hausimami, kwa sababu uzito unaousukuma sasa ni wa watu wawili. Mguu unabaki nyuma, goti linazunguka, na muundi, yaani ule mfupa wa mbele chini ya goti, unapasuka kama kijiti kibichi kinachopotolewa. Mara nyingi hakuna uvimbe, hakuna alama, na hata picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa. Mfupa hupona vizuri katika wiki chache, ila mama hulia kuliko mtoto ninapomweleza.

Basi kanuni yangu ya mtelezo ni hii: kama ni mrefu kiasi kwamba hawezi kuteleza peke yake, basi ni mrefu kwake, na paja lako haliufupishi. Achague ule mdogo wa rangirangi, wewe simama chini umpokee.

Yale majumba ya mpira yaliyojazwa hewa nayo yana hila inayofanana. Yanaonekana laini, kwa hiyo tunayaamini. Lakini fikiri mtoto wa shule mwenye kilo 40 anaruka karibu na wa kwako. Akitua, sakafu inabonyea, kisha inarudi juu kwa nguvu. Mdogo anayeshuka wakati huo anakutana na sakafu inayompandia. Miguu yake inabeba pigo la mruko wa mtoto mwingine, mwenye uzito mara tatu yake. Wakiwa wawili wa kwako tu, wamevua viatu, kwa dakika chache, sioni tatizo kubwa. Wakiingia wakubwa, watoe. Na kabla ya kulipa, zunguka uone kama jumba limefungwa kwa kamba ardhini pande zote. Upepo wa ziwa ukilinyanyua, hakuna anayeweza kulizuia kwa mikono.

Mashine kubwa za kasi, ambazo ndizo ulizoziogopa, ndizo zinazonitia hofu kidogo zaidi, kwa sababu moja: watoto wako hawatapanda. Kwenye bustani kubwa za nchi za nje kuna ubao wa kupimia urefu getini. Treni ya kasi ya Space Mountain huko Florida, kwa mfano, haimpokei mtu aliye chini ya sentimita 112, na mtoto wa miaka 2 kwa wastani ana kama 87. Si ubaguzi. Ule mkanda au chuma cha kubana kimetengenezwa kushika mifupa ya nyonga na mabega ya mwili wa kiasi fulani. Nyonga ya mtoto mdogo ni nyembamba, anachomoka kwa chini kama samaki. Kichwa chake nacho ni kizito ukilinganisha na mwili, na shingo haijakaza, kwa hiyo mrusho wa ghafla unaofurahisha mtu mzima unampiga yeye shingoni. Hapa kwetu utakuta sehemu zenye ubao huo na sehemu zisizo nao. Pasipo na ubao, usimbembeleze kijana wa mashine akuruhusu. Akikuruhusu, amekuonyesha tu kwamba hajui kazi yake.

Farasi wa kuzunguka polepole na treni ndogo ya ardhini ni sawa, mtu mzima akiwa kando yake, mkono mgongoni. Kwa bwawa sina maneno mengi: mtu mzima mmoja kwa kila mtoto, umbali wa kumgusa, simu mfukoni. Mtoto anayezama hapigi kelele. Vile vifuko vya hewa vya mkononi ni vya kuchezea.

Entebbe ni jambo jingine, na hapo ndipo ninapotofautiana na wifi yako. Kile kituo cha wanyama ambacho wengi bado tunakiita zuu kilifunguliwa mwaka 1952, na kiko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na miti mikubwa na kivuli. Mtoto wa miaka 2 hahitaji kuona wanyama thelathini. Anahitaji watatu. Atasimama mbele ya sokwe kwenye kisiwa chao, atashangaa simba akipiga miayo, na yule korongo nyangumi anayesimama kama amechongwa atamvutia kwa dakika nzima au hatamvutia hata kidogo. Muda mwingi uliobaki atafuata sisimizi njiani. Mwache. Kiingilio kimelipwa, lakini hatudaiani na mtoto kwa hesabu ya wanyama. Mimi mwenyewe niliwahi kumburuta binti yangu kutoka kwenye dimbwi alilolipenda ili akaone kifaru "kabla hatujaondoka." Hakumtazama kifaru. Alitazama nyuma, alikotoka.

Ni kweli kwamba hatakumbuka akiwa mtu mzima. Watu wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ni ya umri wa miaka 3 au 4. Sehemu ya ubongo inayoshona matukio pamoja, hipokampasi, bado inajengwa, na lugha ya kusimulia bado haipo. Kwa hiyo kwa mdogo siku hiyo itafutika, na kwa mkubwa labda kitabaki kipande. Lakini kusahau ukiwa na miaka 20 si sawa na kutojua ukiwa na miaka 2. Kwa wiki na miezi baada ya safari atakuwa na neno jipya, ataigiza mlio wa simba, atakuonyesha picha kwenye simu na kutaja majina. Hivyo ndivyo akili inavyokua, kwa vitu ambavyo baadaye havikumbukwi. Wala hakuna anayesema tusiwalishe kwa sababu watasahau chakula.

Angalia mambo machache ya mahali hapo. Tumbili wanatembea huru, na mtoto mwenye ndizi mkononi kwao ni meza iliyotandikwa. Kuleni mkiwa mmekaa, chakula kikiwa kwenye begi lililofungwa. Akikwaruzwa au kuumwa, osheni jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ushauri wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Jua la karibu na ikweta huunguza hata mawingu yakiwepo, na upepo wa ziwa hukuficha joto, kwa hiyo kofia, na maji mara kwa mara bila kungoja aombe. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni kivuli ni lazima. Mwili mdogo hupokea joto upesi na hutoa jasho kidogo kuliko wetu. Na msiwaogeshe ziwani kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Konokono wa kichocho hukaa hapo, na vimelea vyake hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Bisi na karanga ziwe za baba. Chini ya miaka 4 hupalia. Soseji ikatwe kwa urefu, si kwa vipande vya duara.

Yule dubu. Mtoto wa miaka 2 husoma uso wako kutwa nzima: nyusi, mdomo, macho. Uso mkubwa usiosogea, wenye tabasamu moja lisiloisha, unavunja kila alichojifunza kuhusu nyuso. Tena kwake hakuna "mtu aliyevaa vazi". Kuna kitu kikubwa kinachomjia. Kulia ndiyo akili timamu. Usimlazimishe apige nacho picha. Akiona kutoka mbali akiwa mgongoni kwako kwenye leso, akapunga mkono na kuondoka, inatosha. Leso hiyo, kwa kweli, itakufaa kuliko kigari cha magurudumu kwenye changarawe na ngazi. Muziki nao: ukilazimika kupaza sauti ili mtu wa umbali wa mkono akusikie, hapo ni pa kelele mno kwa masikio yao. Lakini kama mdogo hufunika masikio na kufadhaika kila siku hata nyumbani, kwa blenda au adhana ya jirani, au haonyeshi vitu kwa kidole, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, hilo si suala la safari. Mpeleke aonwe na daktari wa watoto, ana kwa ana.

Kuondoka: usimtajie dakika, hazijui. Taja matukio. "Bembea mara mbili, halafu tunakwenda kula chapati kwa baba mdogo." Ondokeni wakiwa bado na furaha, kabla ya saa 6 mchana, wakalale. Mtaona mnaacha siku ikiwa tamu. Ndiyo hesabu yenyewe.

Asubuhi wapige picha na nguo walizovaa. Andika namba mbili za simu kwa kalamu kwenye mkono wa kila mmoja, kwa sababu wako wanasema Kilugbara na Kiswahili, na wanaowazunguka Kampala watawasemesha Kiganda. Askari wengi wanajua Kiswahili, lakini mtoto wa miaka 3 anayelia hasemi lugha yoyote. Mkubwa mfundishe: ukipotea, simama, tafuta mama mwenye watoto. Na akipotea kweli, kimbilieni kwanza kwenye maji.

Homa ya usiku ule na jicho. Dua ya mama mkwe siigusi, aendelee nayo. Ila akisema tungoje ipite, usingoje. Wengine husema ni mbu wa bustanini, nao wamekosea: malaria ya mbu aliyekuuma leo haileti homa leo, huchukua siku 7 au zaidi. Homa ya usiku uleule ina maana ugonjwa ulikuwa ndani kabla hamjatoka nyumbani, iwe ni malaria ya wiki iliyopita au mafua. Kwa hiyo homa ikija safarini, pima siku hiyohiyo kwenye kituo chochote cha afya, na ikija wiki mbili baada ya kurudi, pima tena na umweleze mhudumu kwamba mlisafiri. Nenda hospitali bila kusubiri asubuhi akipata degedege, akitapika kila anachokunywa, akikaa saa 6 hadi 8 bila kukojoa, au akigonga kichwa kisha akazimia, akatapika tena na tena au akasinzia kuliko kawaida yake. Na akikataa kukanyaga, hata kama hakulia wakati wa kuteleza, usimkande mguu wala kumpeleka kwa mvuta mifupa. Mwambie daktari neno moja, mtelezo, naye ataelewa atafute wapi. Hata picha ikitoka safi, mrudishe baada ya wiki moja na nusu hivi kama bado anachechemea. Wakati huo ufa unaoanza kuunga huonekana.

La mwisho ni wifi yako. Watoto wawili wa umri huo wanahitaji watu wazima wawili kila dakika, na mmoja wenu atakwenda chooni, atapanga foleni au atapokea simu ya kazini. Mtu wa tatu ndiye atakayeiokoa siku. Mchukueni huyohuyo anayesema mnachoma pesa, mpeni mdogo ambebe wakati mkubwa anapanda treni. Kiingilio chake mlipe nyinyi.